William Sheppard, mchungaji aliyepelekwa tribinalini kwa kuandika habari za kauchu ya Kasai

Tarehe 24 Septemba 1909, chumba cha tribinali cha Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, kilijaa watu. Upande mmoja walikaa wamisionari Waprotestanti, upande mwingine wakuu wa koloni na watu wa kampuni. Waliokosa nafasi ndani walifuatilia wakiwa nje, kwenye milango na madirisha. Aliyesimama mbele ya mwamuzi hakuwa ameiba wala kuua. Alikuwa mchungaji Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 44, William Henry Sheppard. Alichoshitakiwa nacho ni makala fupi aliyoiandika katika jarida la misioni yake. Kampuni ya Kasai, iliyokuwa ikinunua kauchu katika eneo hilo, ilidai kwamba makala hiyo imeharibu jina lake, na ikaomba ilipwe fidia.

Kesi hiyo ilifuatiliwa hadi Brussels, London na Washington. Kongo kwenyewe leo inajulikana na wachache. Hata hivyo inagusa jambo ambalo kila mwandishi wa habari nchini analijua: mwenye mali akisomwa vibaya gazetini, mara nyingi hajibu hoja kwa hoja, anajibu kwa mwaliko wa tribinali.

Mtoto wa kinyozi

Sheppard alizaliwa tarehe 8 Machi 1865 huko Waynesboro, katika jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyomaliza utumwa katika nchi hiyo, vilikuwa vinaelekea mwisho. Baba yake alikuwa kinyozi. Kijana huyo alisoma Hampton, chuo kilichofunguliwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, kisha akasomea uchungaji huko Tuscaloosa, Alabama.

Alipomaliza aliomba kanisa lake, la Wapresbiteri wa kusini, limtume Afrika. Aliomba zaidi ya mara moja. Wakuu wa kanisa hawakukataa waziwazi, lakini hawakutaka kumtuma mtu mweusi peke yake bila mzungu wa kumsimamia. Alingoja mpaka akapatikana Samuel Lapsley, kijana mzungu mdogo kwake kwa mwaka mmoja, naye akawekwa kuwa kiongozi wa safari. Wawili hao waliondoka New York mwezi wa Februari 1890. Njiani Lapsley alipokelewa Brussels na Mfalme Leopold II, mtu aliyeifanya Kongo kuwa mali yake binafsi.

Mwezi wa Aprili 1891 walifika Luebo, katika Kasai, wakafungua misioni yao. Mwaka haukwisha. Lapsley aliteremka hadi pwani kwa shughuli za misioni, akashikwa na homa, na akafa Matadi mwezi wa Machi 1892. Mtu ambaye kanisa halikuthubutu kumtuma peke yake alibaki na kazi yote mikononi.

Njia ya mayai

Kaskazini ya Luebo kulikuwa na ufalme wa Wakuba. Mfalme wao, anayeitwa Nyimi, alikuwa ametangaza kwamba yeyote atakayemwonyesha mgeni njia ya kufika mji wake mkuu atakatwa kichwa. Sheppard alijifunza lugha yao kwanza. Kisha alitumia ujanja ambao unasimuliwa mpaka leo: alituma watu wake wanunue mayai. Mayai yalipokwisha katika kijiji kimoja aliwaambia waende kijiji kinachofuata, naye akifuata nyayo zao. Kijiji kwa kijiji akasogea mbele bila mtu yeyote kumwonyesha njia.

Mwana wa mfalme alipokuja kuwaadhibu wanakijiji waliompokea, Sheppard aliwatetea katika lugha yao wenyewe. Wakuba walishangaa. Mtu mweusi aliyevaa nguo za kizungu, anayezungumza lugha yao na kujua njia zao: wazee waliamua kwamba ni mmoja wa wafalme wao wa zamani aliyerudi kutoka kwa wafu. Badala ya kukatwa kichwa alipokelewa na Nyimi Kot aMbweeky, akakaa miezi minne.

Alichokiona huko alikiandika kwa makini: vitambaa vya rafia, vikombe vya mbao vilivyochongwa, barabara safi, mashamba. Ufalme huo ulikuwa pia na tribinali zake, ambako wakubwa wenye vyeo walikaa pamoja kusikiliza pande mbili za mgogoro kabla ya kuamua. Habari hizo zilimpatia sifa Ulaya. Mwaka 1893, akiwa London, alipokelewa katika Shirika la Kifalme la Jiografia. Mwaka uliofuata alimwoa mwalimu Lucy Gantt, wakarudi pamoja Kasai. Walizika huko watoto wao wawili wa kike.

Mikono 81

Mwezi wa Septemba 1899 habari zilifika misioni kwamba Zappo Zap, wapiganaji waliotumiwa na Dola la Leopold kukusanya kodi, wanachoma vijiji na kuua watu. Misioni ilimtuma Sheppard aende kuangalia. Alikwenda akiogopa, kama ambavyo mtu yeyote angeogopa. Kiongozi wa wapiganaji hao alimfahamu, akamdhania kuwa rafiki, na akamtembeza ndani ya kambi bila kumficha kitu.

Sheppard hakugombana naye. Aliuliza maswali, alisikiliza, alipiga picha. Kisha alionyeshwa jukwaa la fito lenye moto chini yake, na juu ya jukwaa mikono ya watu ikikaushwa kwa moshi ili ipelekwe kwa wakubwa wa serikali kama ushahidi wa kazi iliyofanyika. Aliihesabu mmoja mmoja. Ilikuwa mikono ya kuume 81.

Hesabu hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo. Watu wengi walikuwa wamekwisha kusema kwamba Kongo kuna ukatili, na wakubwa wa Brussels walizoea kujibu kwamba hayo ni maneno ya wivu. Lakini mtu aliyefika mahali penyewe, aliyetaja mwezi, mahali, jina la kiongozi na idadi, si rahisi kumjibu hivyo. Mwenzake mzungu, mchungaji William Morrison, alipeleka ripoti hiyo kwa wakuu na magazetini. Uchunguzi wa utawala uliisafisha serikali. Nje ya Kongo lakini, mikono 81 haikusahauliwa. Ilitajwa katika kampeni ya kimataifa iliyomlazimisha Leopold aiachie Ubelgiji Kongo tarehe 15 Novemba 1908.

Makala ya Januari 1908

Kabla ya mabadiliko hayo, mwaka 1901, Kampuni ya Kasai ilikuwa imeundwa na kupewa haki ya pekee ya kununua kauchu katika eneo lote. Serikali ilikuwa na nusu ya hisa zake. Kapita wenye bunduki walikaa vijijini kuhakikisha kwamba watu wanaingia msituni. Bei iliwekwa na mnunuzi mmoja, kwa hiyo muuzaji hakuwa na kwa kwenda. Mwaka 1904 Wakuba waliasi, na misioni ya Ibanche, mahali ambapo Sheppard alikuwa anafanya kazi, ilichomwa katika ghasia hizo. Uasi ulizimwa kwa nguvu.

Sheppard, aliyekuwa likizoni Marekani wakati huo, aliporudi aliikuta nchi nyingine. Mwezi wa Januari 1908 aliandika aliyoyaona katika Kasai Herald, jarida dogo la misioni. Makala haikuwa na mikono iliyokatwa wala maiti. Ilieleza kwamba Wakuba aliowajua zamani, watu wenye nyumba nzuri, mashamba na furaha, sasa wanaishi katika nyumba zilizojengwa nusunusu, mashamba yao yamejaa majani, mfalme wao amekuwa kama mtumwa. Sababu aliitaja: kampuni za biashara zenye hati ya serikali na walinzi wao wenye silaha wanawalazimisha watu kukaa msituni mchana na usiku wakitafuta kauchu, kwa malipo ambayo hayawezi kumlisha mtu.

Jina la Kampuni ya Kasai halikuandikwa. Lakini katika eneo ambalo kampuni moja tu ndiyo iliyonunua kauchu, kila msomaji alijua ni nani.

Wakurugenzi walidai makala ifutwe. Morrison, aliyekuwa msimamizi wa jarida, alikataa. Mambo yalizidi kuwa mabaya kwa kampuni wakati konsuli wa Uingereza, Wilfred Thesiger, alipotembea katika nchi ya Wakuba mwaka 1908, Sheppard akimwongoza na kumtafsiria. Ripoti yake ilithibitisha mengi, na bei ya hisa za kampuni ikashuka. Kumshitaki konsuli wa taifa kubwa haikuwezekana. Wamisionari wawili walioishi chini ya sheria za Kongo waliwezekana. Mwezi wa Februari 1909 kampuni iliwashitaki: Sheppard kama aliyeandika, Morrison kama aliyechapisha.

Safari ya kwenda Léopoldville

Kuchagua Léopoldville ilikuwa tayari nusu ya adhabu. Kutoka Luebo hadi huko ni mamia ya kilomita kwa mto. Washitakiwa walipaswa kuacha kazi yao, kulipia safari, kutafuta mashahidi Wakuba ambao wangekubali kwenda mbali na kwao kusema mbele ya wazungu, na kumpata avoka katika nchi ambayo karibu kila mzungu mwenye cheo alikuwa mtu wa serikali au wa kampuni. Hata mtu asiye na kosa anaweza kufilisika kabla hajasikilizwa. Wale waliofungua mashitaka walilijua hilo.

Kulikuwa pia na mfano wa kutisha. Miaka michache nyuma, Guy Burrows, ofisa wa zamani wa Leopold, alichapisha kitabu kuhusu ukatili wa Kongo na kuwataja watu kwa majina. Alishitakiwa London kwa kuchafua jina la mmoja wao, akashindwa kesi mwaka 1904. Waliompenda Leopold walishangilia: wakasema tribinali imeonyesha kwamba habari za ukatili ni uongo. Kumbe tribinali ilikuwa imeamua juu ya mtu mmoja na maneno fulani tu.

Msaada kwa Sheppard na Morrison ulitoka mahali ambapo hawakutazamia. Émile Vandervelde, kiongozi wa Wasosialisti wa Ubelgiji na avoka mwenye jina kubwa, alikubali kuja Kongo kuwatetea bila kudai malipo ya kazi yake. Hakuwa mtu wa dini. Alikuwa mbunge aliyepinga utawala wa Leopold kwa miaka mingi, na aliona kwamba wakishindwa wawili hawa, hakuna atakayeandika tena. Kesi iliahirishwa ili apate muda wa kufika.

Washington nayo ilikuwa inatazama. Marekani haikuwa imetambua bado kwamba Kongo ni ya Ubelgiji, na Brussels ilifahamishwa kwamba jinsi kesi hiyo itakavyoendeshwa inaweza kuwa na uzito katika jambo hilo. Makonsuli wa Marekani na Uingereza walikuja kukaa chumbani.

Hukumu iliyopita kando

Siku yenyewe ilipofika, mashitaka dhidi ya Morrison yaliondolewa kwa sababu za kiutaratibu. Sheppard akabaki peke yake. Vandervelde alizungumza zaidi ya saa mbili. Alimweleza mwamuzi kwamba mteja wake hakuandika ili kuharibu biashara ya mtu. Aliandika kwa sababu aliishi na watu hao karibu miaka ishirini na aliona wanavyoisha.

Tarehe 4 Oktoba 1909 mwamuzi Gianpetri alitoa uamuzi. Sheppard hakuwa na hatia, na kampuni ikaamriwa kulipa gharama za kesi. Wamisionari walishangilia, na katika makanisa ya Marekani habari hiyo ilipokelewa kama ushindi wa ukweli.

Lakini kilichoandikwa katika hukumu ni kitu kingine. Mwamuzi hakusema kwamba Wakuba walilazimishwa. Hakusema pia kwamba hawakulazimishwa. Alisema kwamba makala ilizungumzia kampuni zenye hati ya serikali bila kuitaja Kampuni ya Kasai, na haikuonekana kwamba mwandishi alikusudia kuishambulia. Kwa njia hiyo aliwaridhisha Wamarekani bila kuwaudhi wakubwa wa koloni. Swali kubwa, la kama walinzi wenye bunduki walikuwa wanawasukuma watu msituni, lilipita kando ya meza yake.

Hapo ndipo kesi ya Sheppard inafundisha kitu ambacho watu wengi wanakichanganya. Anayeshitaki kwa kuchafuliwa jina anapaswa kwanza kuonyesha kwamba ni yeye aliyesemwa. Asipoonyesha, kesi inaanguka, hata kama makala ina makosa. Na mwandishi akishinda kwa sababu hiyo, hajathibitishiwa habari yake, ameachiliwa tu. Burrows alishindwa, na watu wakadhani ukatili haukuwepo. Sheppard alishinda, na watu wakadhani tribinali imekiri ukatili. Wote walidanganyika.

Wakuba wenyewe, ambao ndio waliochafuliwa maisha yao yote, hawakuwa upande wowote wa kesi hiyo. Kampuni ilikuwa na heshima ya kudai mbele ya mwamuzi. Wao hawakuwa na pa kudai kitu.

Mlango wa nyuma

Mfalme Leopold alikufa tarehe 17 Desemba 1909, wiki kumi na moja tu baada ya hukumu. Mwaka 1910 Sheppard aliondoka Kongo, na hakurudi tena. Waumini waliambiwa kwamba ni kwa sababu ya afya. Ni kweli kwamba alikuwa amechoka na kuugua mara nyingi. Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Alikiri mbele ya wakubwa wa kanisa kwamba alikuwa na uhusiano na wanawake wa Kasai nje ya ndoa yake. Kanisa lilimsimamisha uchungaji kwa muda na halikulitangaza jambo hilo. Liliandikwa na wanahistoria miaka mingi baadaye. Kama kampuni ingekuwa na habari hiyo mwaka 1909, haingehitaji kushitaki. Ingemwaga habari hiyo magazetini, na mikono 81 ingesahauliwa, ingawa dhambi ya aliyehesabu haipunguzi hesabu.

Kuanzia mwaka 1912 alikuwa mchungaji wa kanisa la watu weusi huko Louisville, Kentucky. Vitu vya Wakuba alivyokusanya alivipeleka katika chuo chake cha zamani, Hampton, ambako vinatunzwa mpaka leo. Mtu aliyepokelewa na Nyimi kama mfalme aliyefufuka, na aliyezungumza mbele ya wanajiografia wa London, aliishi katika nchi ambayo sheria zake zilimkataza mtu mweusi kukaa meza moja na mzungu. Alipotembelea mji wake wa Waynesboro, aliingia nyumba za wazungu kwa mlango wa nyuma. Alikufa tarehe 25 Novemba 1927. Zaidi ya watu elfu moja walikuja kumzika.

Sheria iliyobaki

Luebo bado ipo, katika mkoa wa Kasai. Mji wa Nyimi, Mushenge, bado upo. Na sheria nayo bado ipo. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kinachosema kwamba anayemsababishia mwingine hasara kwa kosa lake lazima ailipe, kinatoka katika amri ya tarehe 30 Julai 1888. Kilikuwa katika vitabu siku ile Sheppard aliposimama Léopoldville, na leo bado kinatumika kuomba fidia dhidi ya gazeti au redio. Kimeongezewa kifungu cha 74 cha sheria ya makosa ya jinai, kinachoweza kumpeleka jela kati ya siku nane na mwaka mmoja mtu anayemsingizia mwenzake hadharani, kwa nia mbaya, jambo la wazi linaloharibu heshima yake.

Sheria hizo si mbaya zenyewe. Mwalimu anayeitwa mwizi hewani, mama anayeitwa mchawi kwenye redio ya mtaani, wanahitaji mahali pa kudai jina lao. Tatizo ni pale ambapo mwenye malori, kampuni au cheo anazitumia si kwa kutafuta haki, bali kwa kumchosha mtu kwa safari, mawakili na kuahirisha.

Mbele ya tishio kama hilo, maisha ya Sheppard yanaacha silaha mbili, na hazina uzito sawa. Makala yake ya 1908 haikutaja jina, na hiyo ndiyo iliyomwokoa mbele ya mwamuzi. Ripoti yake ya 1899 ilitaja kila kitu, mahali, mtu na idadi, na kwa ripoti hiyo hakuna aliyethubutu kumshitaki.